Mikono Miwili Juu ya Mpira

Kamina, Jumapili, baada ya ibada

Papa yangu,

Nakusalimia kwa mikono miwili, na magoti nimeyakunja kidogo, kama ulivyotaka tangu nikiwa sijui hata kufunga kiatu. Mmeamkaje huko Likasi? Goti lako linakuruhusu kufika kanisani, au bado Mama anakwenda peke yake na kukuletea mahubiri aliyoyapunguza njiani? Damu yake imeshuka? Mwambie chumvi si ndugu yake. Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako Numbi amepona surua, amebaki na kikohozi kidogo anachokitoa akitaka kubebwa tu. Mimi mwili upo, ila nimekonda. Ukinikuta barabarani utadhani ni dada mkubwa wa Mwadi wako.

Aliyekuletea barua hii anaitwa Kazadi. Ni fundi wa karakana ya reli hapa Kamina, rafiki wa mume wangu, na ameshuka na treni ya mizigo kutafuta vyuma. Mpe maji, mpe kiti, usimwulize lolote kwanza. Yeye pia yumo katika habari hii, na ana haya. Amebeba kifurushi kidogo nilichokifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, kile cha bluu. Usikifungue mpaka nikuambie humu ndani. Na usianze na ukurasa wa mwisho, Papa. Nakujua: hata gazeti unalisoma kutoka nyuma, eti mwanzo wake ni porojo. Barua hii ifuate inavyokwenda, ukiwa peke yako, Mama akiwa sokoni. Ni habari ya Ilunga na treni yake. Wewe ndiwe uliyenifunza kwamba mtu hatwishwi mzigo mzito kwa nyuma. Anaambiwa kwanza, anasimama vizuri, ndipo anatwishwa.

Niliwaandikia kwamba tangu vita hii ya pili ianze, treni za abiria zimekatwa, na zinazopanda kaskazini ni za askari na unga wao. Ilunga alipangwa kwenye mojawapo, apite Kabongo aendelee hadi huko mbele ambako siku hizi watu hawapiti. Hakuomba kwenda, na hakukataa. Dereva wa treni anayekataa anaitwa adui. Aliondoka Jumatatu asubuhi. Mlangoni alitoa mfukoni saa yako, ile ya mnyororo uliyompa siku ya ndoa yetu, akaitia ufunguo mbele yangu, akasema, "Siku sita, Mwadi. Ya saba unipikie bukari na sombe." Nikamjibu asinipangie kazi mbele ya majirani. Ndilo neno nililomuaga nalo, na linanichoma.

Siku ya saba nilisonga ugali, nikapika kisamvu chake. Siku ya nane tulikula kiporo, mimi na Numbi. Siku ya tisa nilianza kwenda kambini.

Kambini kwa sababu gani? Kwa sababu phonie ya stesheni, ile redio ya kuita stesheni nyingine, askari waliichukua. Siku hizi mtu wa Kamina akitaka kujua treni iko wapi, hamuulizi mkuu wa stesheni, anamuuliza komanda wa askari waliopangwa hapa mjini. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, amesoma, anaongea taratibu. Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilisimama kwenye kizuizi cha kambi. Alitoka, akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Phonie haishike leo, madame. Kesho." Kesho yake akasema kesho. Papa, kuna watu wanaokudharau kwa matusi, na kuna wanaokudharau kwa adabu. Hawa wa pili ni wabaya zaidi, maana huna hata pa kukasirikia.

Sasa nikuache hapo kwenye kizuizi kidogo, nikuambie habari ya mpira wa kikapu, maana bila mpira hutaelewa lililofuata.

Unajua kwamba shuleni nafundisha Kifaransa na michezo. Watoto wa Kamina wamelelewa vizuri, na hiyo ndiyo shida yangu nao. Ukimpa mtoto kitu, anakipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mpira nao wanaupokea vivyo hivyo. Unamtupia pasi akiwa tayari kukimbia, anaukumbatia kwa mikono miwili kama amepewa sahani ya mgeni, kisha ndipo anakumbuka kuudundisha. Anaudundisha mara mbili, anaukumbatia tena, anaanza tena. Nikawapa maneno yako yale yale uliyokuwa ukinipigia kelele pale kwenye uwanja wa simenti wa Likasi: "Mupira si muzee! Usiuheshimu na mikono mbili kama haujajua kwenye utaupeleka!" Walicheka hadi wakalala chini. Halafu wakarudi kuukumbatia.

Na kuna mchanga. Uwanja wetu ni udongo, na pembeni mchanga mtupu. Mpira ukitua hapo unazama, haurudi mkononi. Kwa hiyo muda mrefu kabla sijafika mji huu walijitungia sheria yao, wanaiita sheria ya mchanga: mpira ukikufia, unauokota kwa mikono miwili, aliye mbele yako anarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, nawe unaanza upya. Mji mzima unacheza hivyo, watoto, walimu, watu wa reli. Ni sheria nzuri ya watu wema. Ila kwenye kitabu chako cha refa haipo.

Nilihangaika nayo mwaka mzima. Niliwaimbisha kila Jumatano wakiwa mstarini: "Mukono moja, uko mu njia. Mikono mbili, umefika." Nikawaeleza kwamba aliyefika haanzi tena safari ile ile, atoe pasi au atupe kikapuni, basi. Nikawaambia kuna kitu kimoja tu kinachomrudishia ruhusa: mpinzani akiugusa mpira ukamtoka mikononi. Nikawaonyesha kwamba kuweka kiganja chini ya mpira na kuubeba ni kosa, na kutembea nao bila kuudundisha ni kosa, hata ukiwa na haraka ya aina gani. Polepole wakanielewa, watoto. Watu wazima wa reli hawakutaka kabisa. Kazadi huyo aliyeketi mbele yako ni nahodha wao, na aliniambia usoni kwamba Likasi mna simenti nyingi kuliko akili.

Basi siku moja pale kwenye kizuizi, komanda badala ya kusema kesho alinitazama shingoni. Nilikuwa nimevaa filimbi yako.

"Madame, weye njo arbitre? Balinielezea unajua règlement yote mu kichwa."

"Nafundisha batoto, komanda."

"Muzuri. Jumamosi basoda bangu na bantu ba reli batacheza, pale ku simenti ya reli. Bantu ba hapa banaogopa sana, ni muzuri baone kama tuko na amani. Utatupigia filimbi. Na nyuma ya match utaingia ku phonie, tutaita mpaka batuambie bwana yako iko wapi."

Nilitaka kumshukuru. Lakini unajua mdomo wangu, hauombi ruhusa kwa mtu. "Na kama nakupigia filimbi weye?"

Akacheka. "Sheria ni sheria, madame."

Nilikwenda shuleni nikitembea kama mlevi. Siku kumi na tano nilikuwa sijui kama mume wangu anakula, anaumwa, amefungwa. Sasa kulikuwa na mlango, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja, na mtu huyo alitaka kucheza mpira.

Jumamosi mji wote ulikuja. Wake za wafanyakazi wa reli walileta viti, watoto walipanda juu ya mabehewa yaliyokufa. Askari wasiocheza walikaa kwenye mstari wa pembeni, bunduki katikati ya magoti. Muda ulishikwa na mkuu wa shule yetu kwa saa yake ya mezani, ile ya kengele. Kabla ya kuanza niliwaita manahodha wote wawili katikati. Wa askari alikuwa komanda mwenyewe, amevaa singleti nyeupe na viatu vizuri kuliko vya wote.

"Sheria ya muchanga iko?" Kazadi akauliza.

"Haiko. Hapa ni simenti," nikajibu. "Mikono mbili, umefika. Kwa kila muntu."

"Kwa kila muntu," komanda akarudia, na akanipa mkono.

Papa, kipindi cha kwanza niliwaua watu wangu mwenyewe. Mazoea ni mabaya. Kila mpira ulipowachezea, waliukumbatia na kuanza upya, na kila mara nilipiga filimbi, nikazungusha mikono kama ulivyonifundisha, nikawapa askari mpira. Mara saba. Nilihesabu. Mara ya saba ilikuwa Kazadi mwenyewe. Alinijia akitoka jasho, akasema kwa sauti ya chini:

"Madame, weye uko wa nani? Bwana yako iko mwenzetu, njo na weye unatumaliza na filimbi? Ni juu ya ile phonie?"

"Leo siko wa muntu, Kazadi. Shika mupira na mukono moja."

Alitema mate pembeni. Nyuma yake nikasikia wanawake wakinong'ona, na nilijua wananong'ona nini. Kwamba nimejiuza kwa komanda. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, maana ni kweli niliitaka ile phonie kuliko chakula.

Komanda naye nilimpigia mara mbili, kiganja chini ya mpira. Ya kwanza alicheka. Ya pili hakucheka.

Kipindi cha pili watu wa reli walijifunza kwa hasira. Walianza kupeana pasi upesi badala ya kukumbatia, na ulikuwa mpira mzuri, Papa, ungesimama kwenye kiti. Wakawafikia askari, wakawapita. Mkuu wa shule alipoinua mkono kuonyesha kwamba imebaki dakika moja, reli walikuwa mbele kwa pointi moja tu, na mpira ulikuwa kwa komanda.

Akashuka nao upande wa mabehewa. Kule simenti imepasuka, na ufa umejaa mchanga ulioletwa na mvua. Mpira ulitua juu ya ufa ule, ukafa. Haukurudi mkononi. Akainama, akauokota kwa mikono miwili, akasimama. Kazadi alikuwa mbele yake, amebana njia yote. Na Kazadi, bila hata kufikiri, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, kama alivyofanya tangu utoto wake. Komanda akaanza tena kuudundisha, mara moja, mara mbili, akaruka, akatupa. Ukaingia.

Askari waliruka juu. Na Papa, hakuna aliyelalamika. Hakuna hata mmoja! Kwao lilikuwa jambo la kila siku, mchanga ni mchanga. Uwanja mzima uliona kikapu halali. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na filimbi mdomoni na kosa machoni.

Nataka kukuambia kwamba niliipiga papo hapo. Si kweli. Nilingoja. Muda wa kuvuta pumzi tu, lakini ndani yake niliiona ile phonie mezani, nikasikia sauti ya Ilunga ndani yake ikiniita jina. Nikajiambia: nani atajua? Hawa wenyewe hawajui. Acha, mwanamke, acha, ukamsikie mumeo. Halafu nikazikumbuka zile mara saba. Mara saba niliwanyang'anya watu wa reli mpira kwa kosa hili hili mbele ya wake zao. Nikapiga.

Nikazungusha mikono, nikaonyesha upande wa reli. Komanda akanijia polepole, mpira kwapani.

"Nini?"

"Umeushika na mikono mbili, komanda, ukaanza tena. Kikapu haihesabiwe."

"Huyu alinigusa mupira." Akamgeukia Kazadi. "Weye! Ulinigusa mupira, ao hapana?"

Kazadi alitazama bunduki zilizokuwa zimeinuka kutoka kwenye magoti. Ana watoto wanne. "Ndiyo, komanda," akasema. "Niliugusa."

"Unasikia, madame? Aliugusa."

"Hakugusa," nikasema. "Alirudi nyuma. Miye nilikuwa karibu, niliona. Mupira ni ya reli."

Hakuinua sauti. Angeinua sauti nisingeogopa vile. Kisha akanitupia mpira kifuani, si kwa nguvu, akarudi nyuma. Nikampa Kazadi mpira. Akautoa pasi, wakapeana, wakapeana, saa ya mezani ikalia. Reli walikuwa wameshinda na hakuna aliyeshangilia. Watu walikusanya viti vyao. Komanda alipanda gari lake bila kunipa mkono.

Jirani yangu mmoja alinipita mlangoni jioni ile akasema, "Haya, sasa sheria njo itakuletea bwana." Nilimwogesha Numbi, nikamlaza, nikakaa na kulia kwa hasira. Sikulia kwa sababu ya komanda. Nilijikasirikia mimi, na nisamehe, nilikukasirikia na wewe. Nilisema: mzee yule alinifunza kitu kisicholiwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, kama leo, wiki moja imepita. Tukitoka kanisani askari mmoja alinisubiri nje. Akasema komanda ananiita. Mama mchungaji alitaka kunisindikiza, askari akakataa. Nilimwachia Numbi, nikaenda. Njia nzima nilijiambia ninakwenda kufungwa, na nikapanga maneno nitakayosema. Sikupata kuyatumia.

Alikuwa ofisini, bila kofia. Phonie ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Hakuifunua.

"Kaa, madame."

"Nitasimama."

"Ile muntu hakugusa mupira. Nilijua."

"Nilijua kama unajua."

Akatikisa kichwa. Akasema, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyarudia siku saba: "Jana nilikasirika sana. Na kisha nikajiuliza: huyu mwanamuke iko nalala na njaa ya phonie yangu, na bado ananipigia filimbi mbele ya basoda bangu, kwa kosa yenye hata muntu moja hakuiona. Kama ungeninyamazia, leo ningekuambia tena kesho. Muntu wa vile weye, siwezi kumudanganya tena."

Akavuta droo. Akatoa saa yako.

Papa, simama vizuri sasa.

"Basoda benye balirudi na miguu njo balinipatia hii," akasema. "Siku kumi na mbili sasa. Balitega bomu ku daraja, treni iliungua. Machiniste, ile dereva, na musaidizi wake bako kule. Balibazika pembeni ya reli, wote mbili, na balibawekea musalaba. Bwana yako hakutoka mu mashine. Alitaka kuisimamisha mbele ya daraja, juu ya kuokoa bantu benye balikuwa nyuma."

Saa ilikuwa inatembea. Nilikuwa nasikia. Nikamuuliza kwa nini inatembea.

"Nilikuwa naitia ufunguo kila asubui," akasema, "isikufe."

Siku kumi na mbili! Siku kumi na mbili nimesimama kwenye kizuizi chake, na kabla ya kutoka kuniambia kesho alikuwa ametoka kuitia ufunguo saa ya mume wangu. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumng'ata. Nikamuuliza tu, "Juu ya nini haukuniambia?" Akasema kama angetangaza, hakuna dereva angepanda tena treni, na kule mbele watu wake wanangoja unga. Akasema alitaka mji uone amani. Basi ndiyo sababu ya mchezo ule wote, Papa, na filimbi yako.

Akaichukua ile saa kwa mikono miwili, akaninyoshea. Na mikono yangu ikatoka yenyewe, yote miwili, na kichwa kikainama. Kwa mtu yule! Nikapokea kama mtoto mwema wa Kamina. Ndipo nikaelewa mwilini kile nilichokuwa nikiwaimbisha watoto kila Jumatano. Nimeshika kwa mikono miwili. Nimefika. Hakuna tena kesho ya kuniambia mimi.

Sikulia kambini, sikumpa hiyo. Nililia kwenye njia panda ya reli, na wanawake wakanisikia, na yule jirani wa maneno makali ndiye aliyefika wa kwanza na kunishika kiuno. Msiba tumeufanya nyumbani kwetu siku zote hizi. Watu wa reli walikuja na mikeka. Kazadi alikuja mbele ya wote, akapiga magoti. "Nilisema bongo mbele yako, shemeji." Nikamwambia alidanganya kwa kuogopa. Akasema, "Na weye uliogopa." Nikamwambia ndiyo, sana. Tukakaa.

Jambo moja likutulize kidogo. Baada ya habari kutoka, madereva walikataa kupanda kaskazini mpaka askari watangulie kwa miguu na kuangalia madaraja yote. Komanda akakubali. Juzi treni ya kwanza imekwenda hadi daraja la karibu, imerudi.

Sasa nakuomba, na ni kwa ajili ya hili nimeanzia mbali. Mama mkwe wangu hajui. Usimwache asikie kwenye foleni ya bomba. Wala usimtume Mama, damu yake haitamudu njia. Nenda mwenyewe pamoja na mjomba, mkubwa wa Mama, mchukue na mzee wa kanisa lake. Kaeni kwanza. Anzeni mbali, kama mimi. Mwambieni mwanawe alijaribu kuisimamisha treni kwa ajili ya wengine, maana ni kweli, na atahitaji kitu cha kushika. Saa ni yake aitunze mpaka Numbi akue. Ndugu zao wakiuliza habari ya mtoto na ya mjane, waambie nitakuja mwenyewe baada ya mitihani, na hakuna atakayeamua kitu nyuma ya mgongo wangu. Utaniwakilisha vizuri, najua. Watu wa Likasi bado wanaogopa filimbi yako.

Nilikukasirikia usiku ule, na hasira imekwisha. Ningenyamaza, leo ningekuwa bado nasimama kwenye kizuizi kila asubuhi, napokea kesho yangu kwa adabu. Inauma mno, Papa, sitakudanganya. Lakini ninalia juu ya kitu cha kweli.

Msalimie Mama, na umwambie polepole. Msalimie mjomba. Msalimie kaka yangu anayenifuata, aache kuazima baiskeli yako. Shangazi wa karibu na kanisa mwambie nguo alizomshonea Numbi zinamtosha bado. Mzee wa simenti, yule mlinzi aliyekuwa anatufungulia uwanja, mwambie sheria ya simenti yake bado inafuatwa huku.

Sasa fungua kitambaa, Papa. Asubuhi hii nimeitia saa ufunguo mwenyewe, na Kazadi nimemwonyesha ataitiaje njiani. Kuanzia kesho ni wewe, mpaka utakapompelekea mama yake Ilunga. Ipokee kwa mikono miwili.

Ni mimi binti yako, mke wa Ilunga,
Mwadi